Moyo Unapokwenda Mbio Baada ya Kuacha Dawa za Sonona

Watu wengi huacha dawa za sonona kwa ghafla. Wengine huziacha kwa sababu wamepata nafuu, wengine zimeisha kituoni, wengine wanaona aibu, na wengine wameambiwa kwamba anayeamini hahitaji vidonge. Siku chache baadaye moyo unaanza kwenda mbio na shinikizo la damu linaweza kupanda. Makala hii inaeleza kwa nini hali hiyo hutokea, namna ya kuitambua, na jinsi familia na kanisa wanavyoweza kumsaidia mgonjwa.

Mfano wa mama muuza dagaa

Tuchukue mfano wa mama mmoja anayeuza dagaa sokoni na kuimba kwaya. Mfano huu ni wa kutunga, lakini mambo yaliyomo hutokea katika jamii zetu.

Baada ya kufiwa na mwanawe, mama huyu alikaa miezi mingi bila usingizi wala hamu ya chakula. Akaanza kusema kwamba heri naye afe. Dada yake akampeleka kituo cha afya. Huko alielezwa kwamba ana ugonjwa wa sonona. Alipewa vidonge vya amitriptilini vya kumeza kila usiku, na mara moja kwa mwezi akawa anakwenda kuzungumza na muuguzi. Baada ya miezi minne usingizi ulikuwa umerudi. Alirudi sokoni, na Jumapili akaonekana tena kwenye kwaya.

Ndipo ikaja semina ya maombi. Mhubiri mgeni aliwaita mbele wagonjwa wote, akawaombea. Mama huyu alisikia amani kubwa moyoni. Alipofika nyumbani alivitupa chooni vidonge vyote vilivyobaki, kama ishara ya imani yake.

Siku ya tatu alianza kutoka jasho na kuharisha. Usiku aliota ndoto za kutisha, akaamka moyo ukidunda kwa nguvu hadi akausikia masikioni. Jirani alimkimbiza duka la dawa, akapimwa akiwa bado anahema: shinikizo la damu 158/96, mapigo ya moyo 112 kwa dakika. Muuzaji alisema, "Mama, hii ni presha," akamuuzia dawa ya presha. Nyumbani, shangazi yake alisema pepo aliyetolewa amerudi na wenzake. Mama mwenyewe alikuwa na wazo la tatu ambalo hakumwambia mtu: kwamba imani yake ilikuwa ndogo.

Kesho yake alikwenda zahanati. Muuguzi alimwacha apumzike kwanza, kisha akamuuliza swali ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa amemuuliza: "Mama, kuna dawa yoyote uliyokuwa unatumia ukaiacha hivi karibuni?"

Ndugu msomaji, likumbuke swali hilo. Ndilo jambo kubwa katika makala hii.

Sonona na dawa zake

Sonona ni ugonjwa. Si uvivu, wala si dhambi. Mgonjwa huwa na huzuni nzito au hukosa furaha katika mambo aliyoyapenda, kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku. Usingizi, hamu ya kula, nguvu za kufanya kazi na uwezo wa kufikiri huharibika. Wengine hufikia kutaka kujiua.

Katika vituo vyetu vya afya dawa mbili za sonona ndizo zinazojulikana zaidi: amitriptilini na fluoksetini. Zote mbili zimo katika Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Amitriptilini hutumika pia kwa kiasi kidogo kutibu maumivu ya neva na kuzuia kipandauso, kwa hiyo mtu anaweza kuwa anaimeza bila kuwa na sonona. Katika miji mikubwa na nchi za nje watu hutumia pia dawa kama sertralini, paroksetini na venlafaksini.

Dawa hizi hazifanyi kazi kwa siku moja. Mara nyingi nafuu huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa. Tena mtu akipata nafuu hatakiwi kuacha mara moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unashauri kuendelea na dawa kwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kwisha, kisha kuipunguza taratibu kwa muda usiopungua wiki 4. Mama wa mfano wetu alikuwa bado yuko mbali na wakati wa kuacha.

Kwa nini moyo huenda mbio?

Fikiria watu wawili wanaosukumana mlangoni, mmoja nje na mwingine ndani. Kwa kuwa nguvu zao zinalingana, mlango umetulia. Sasa yule wa nje akiondoka ghafla bila kusema, yule wa ndani ataangukia nje kwa nguvu zake mwenyewe. Akiondoka taratibu, mwenzake atapata nafasi ya kujishikilia.

Ndivyo ilivyo kwa dawa za sonona. Dawa inapoingia mwilini kila siku kwa miezi mingi, ubongo na neva hujirekebisha ili kuishi nayo. Dawa ikiondoka ghafla, marekebisho yale bado yapo, na mwili unayumba mpaka ujipange upya. Mambo yafuatayo yanaweza kuugusa moyo:

• Neva za tahadhari huamka. Mwili una mfumo wa kutuandaa kukimbia au kupigana tunapoona hatari. Mfumo huo huongeza mapigo ya moyo, hupandisha shinikizo la damu na kutoa jasho. Dawa za sonona hugusa kemikali zinazoutuliza na kuuamsha mfumo huo. Zikiondoka ghafla, mfumo unaweza kuamka ingawa hakuna hatari yoyote.

• Tumbo na usingizi huvurugika. Amitriptilini hukausha mate na kupunguza kasi ya utumbo. Ikiachwa ghafla, kinyume chake hutokea: kichefuchefu, kutapika, kuharisha na jasho. Mtu aliyepoteza maji mwilini na kukosa usingizi usiku kucha, moyo wake utadunda haraka.

• Hofu huongeza hofu. Mtu akisikia moyo ukidunda huogopa kwamba anakufa. Hofu hiyo huongeza mapigo, na mapigo huongeza hofu. Hata shinikizo la damu hupanda.

Moyo kudunda si dalili inayotajwa zaidi. Dalili za kawaida ni kizunguzungu, kichefuchefu, kuumwa kichwa, kukosa usingizi, ndoto kali, wasiwasi na hasira za haraka. Baadhi ya watu husikia kama shoti ya umeme ikipita kichwani. Moyo kwenda mbio huja pamoja na dalili hizo kwa baadhi ya watu, na shinikizo la damu kupanda huripotiwa kwa nadra zaidi, hasa kwa dawa kama venlafaksini.

Jambo hili si jipya. Dalili za kuacha dawa ziliandikwa na madaktari mwaka 1959, miaka michache tu baada ya imipramini, dawa ya kundi moja na amitriptilini, kuanza kutumika.

Hutokea kwa watu wangapi?

Mwaka 2024 jarida la The Lancet Psychiatry lilichapisha uchambuzi wa tafiti 79 zenye washiriki zaidi ya 20,000. Karibu mtu 1 kati ya 3 walioacha dawa za sonona alipata dalili fulani. Lakini hata miongoni mwa wale walioacha vidonge visivyo na dawa ndani yake, karibu mtu 1 kati ya 6 alisema amepata dalili. Watafiti walikadiria kwamba dalili zinazotokana na kuacha dawa yenyewe humpata mtu 1 kati ya 6 au 7. Dalili kali zilimpata mtu 1 kati ya 35.

Takwimu hizi zinatufundisha mambo mawili. Kwanza, wengi huacha dawa bila taabu kubwa, kwa hiyo hakuna sababu ya kuogopa kuanza matibabu. Pili, wapo wanaoteseka kweli, na hatupaswi kuwaambia kwamba wanajitungia.

Wengine huuliza kama hali hii ni uraibu. Mraibu wa pombe hutamani pombe na huongeza kiasi siku hadi siku. Anayemeza dawa za sonona haitamani dawa kwa namna hiyo. Mwili wake umezoea tu kuwa nayo, na unahitaji muda wa kuizoea hali mpya.

Aina ya dawa pia ina maana. Nusu ya amitriptilini iliyomo mwilini huondoka kwa muda wa siku moja hivi, na venlafaksini huondoka haraka zaidi. Kwa hiyo dalili huweza kuanza ndani ya siku chache. Fluoksetini huondoka polepole sana, kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana dalili zake huwa hafifu zaidi kwa wengi, na huweza kuchelewa hadi mtu akasahau kwamba aliwahi kuacha dawa.

Ni kuacha dawa, ni sonona imerudi, au ni presha?

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Tulinganishe.

Dalili za kuacha dawa huanza ndani ya siku chache baada ya kuacha au kupunguza. Huja na mambo mapya ambayo mgonjwa hakuwa nayo wakati wa sonona, kama kizunguzungu au shoti kichwani. Kwa wengi hupungua ndani ya wiki moja au mbili, ingawa kwa baadhi huchukua miezi. Dawa ikirudishwa kwa ushauri wa mhudumu, kwa kawaida dalili hupoa ndani ya siku chache.

Sonona inaporudi huja taratibu, kwa wiki au miezi. Huzuni ile ile ya zamani hurejea, pamoja na kukata tamaa na kujitenga na watu.

Ugonjwa wa shinikizo la damu mara nyingi hauna dalili kabisa. Hujulikana kwa kupima, tena zaidi ya mara moja na kwa siku tofauti. Vipimo vikirudia kuwa 140/90 au zaidi wakati mtu ametulia, hapo ndipo huitwa ugonjwa. Kipimo kimoja cha mtu mwenye hofu, aliyetembea juani na kukosa usingizi, hakitoshi kumwanzishia dawa za maisha. Kwa upande mwingine, kama shinikizo linabaki juu wiki kadhaa baada ya dalili nyingine kwisha, lisipuuzwe. Huenda mtu alikuwa na ugonjwa huo tangu zamani bila kujua, na anahitaji matibabu.

Ziko pia sababu nyingine za moyo kwenda mbio ambazo mhudumu wa afya atazichunguza: homa na malaria, upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo, ujauzito, kahawa nyingi, miraa, na magonjwa ya moyo yenyewe.

Zaidi ya hapo, mtu aliyeamua kutupa dawa za sonona huenda alitupa na dawa nyingine pamoja nazo. Kuacha ghafla baadhi ya dawa za presha, kama propranololi, atenololi au klonidini, huweza kurudisha mapigo na shinikizo juu kwa nguvu. Kuacha ghafla diazepamu iliyotumiwa muda mrefu, au pombe kwa mnywaji wa kila siku, huweza kuleta mapigo ya haraka, kutetemeka na hata degedege. Hali hizi ni za hatari kuliko kuacha dawa za sonona. Kwa hiyo mwambie mhudumu wa afya kila kitu ulichokuwa unatumia, pamoja na pombe na dawa za mitishamba. Hakuulizi ili akuhukumu.

Jinsi ya kupima vizuri

Kupima mapigo hakuhitaji chombo chochote zaidi ya saa.

1. Mgonjwa akae na kupumzika kwa dakika 5.
2. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba. Usitumie dole gumba lako, kwa sababu lina mapigo yake.
3. Hesabu mapigo kwa dakika nzima, ukiangalia saa.
4. Andika hesabu, tarehe na saa.

Kwa mtu mzima aliyetulia, mapigo ya kawaida ni kati ya 60 na 100 kwa dakika.

Unapopimwa shinikizo la damu, nenda haja ndogo kwanza. Usiwe umekunywa kahawa, kuvuta sigara au kufanya kazi nzito ndani ya dakika 30 zilizopita. Kaa dakika 5 ukiwa umeegemea kiti, miguu yote miwili chini bila kukunja nne. Mkono uwe mtupu bila nguo, umelazwa mezani usawa wa moyo. Usizungumze. Upimwe mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati. Ukipimwa ukiwa umesimama kwenye foleni au ukibishana bei, namba utakayopata haitakuwa ya kuaminika.

Dalili za hatari

Usisubiri wala usiseme "tuombe kwanza tuone kesho" ukiona mojawapo ya haya. Omba mkiwa njiani kwenda hospitali.

• Maumivu ya kifua, hasa yanayokwenda mkononi, begani au tayani
• Kushindwa kupumua au kuzimia
• Mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, mdomo kupinda, au maneno kutoeleweka
• Kuumwa sana kichwa pamoja na macho kuona giza au ukungu
• Shinikizo la damu la 180/120 au zaidi
• Mapigo yanayozidi 120 kwa dakika na hayashuki baada ya kupumzika
• Degedege, au mtu kuchanganyikiwa
• Kwa mjamzito, shinikizo la 140/90 au zaidi
• Mtu kusema anataka kufa au kujiua. Huyu asiachwe peke yake hata kidogo.

Kama umeshaacha dawa, ufanye nini?

Nenda kituo cha afya na ueleze wazi jina la dawa, kiasi ulichokuwa unameza, ulitumia kwa muda gani, na siku uliyoacha. Kama una pakiti au kadi ya kliniki, nenda nayo. Mara nyingi mhudumu atairudisha dawa, kisha atapanga nawe namna ya kuipunguza taratibu wakati wake ukifika.

Usimeze vidonge vingi kwa pamoja ili kufidia siku ulizokosa. Amitriptilini ikizidi mwilini ni sumu kwa moyo na inaweza kuua. Kwa sababu hiyo hiyo dawa ifungiwe mahali ambapo watoto hawafiki, na kama mgonjwa ana mawazo ya kujiua, ndugu amtunzie na kumpa ya siku kwa siku. Usiazime dawa kwa jirani. Usianze dawa ya presha uliyouziwa bila vipimo vya kutosha. Lakini kama ulikuwa na dawa za presha tangu zamani, endelea nazo.

Wakati mwili unajipanga, kunywa maji ya kutosha, kula hata kidogo kidogo, na punguza kahawa na chai ya rangi nzito. Epuka pombe. Moyo unapodunda, kaa chini, vuta pumzi polepole kwa pua na uitoe polepole zaidi kwa mdomo, kwa dakika chache. Mtu wa kukaa nawe ni msaada mkubwa, kwa sababu hofu hupungua mtu akiwa na mwenzake.

Kuacha kwa utaratibu

Wakati wa kuacha ukifika, punguza dawa hatua kwa hatua pamoja na mhudumu wa afya. Kwa mfano, mtu anayemeza vidonge vinne vya amitriptilini vya miligramu 25 kila usiku anaweza kupangiwa kushuka hadi vitatu, akakaa hapo wiki mbili hadi nne, kisha viwili, na kuendelea hivyo. Asishuke hatua nyingine mpaka mwili umetulia. Dalili zikiwa kali, hurudi hatua moja nyuma na kwenda polepole zaidi.

Hatua ya mwisho ndiyo inayowashinda wengi. Makala iliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida lile lile la The Lancet Psychiatry ilieleza sababu kwa kundi la dawa kama sertralini na paroksetini: kiasi kidogo cha dawa hufanya sehemu kubwa ya kazi katika ubongo. Kwa hiyo kushuka kutoka kidonge kimoja hadi sifuri ni hatua ndefu kuliko kushuka kutoka vinne hadi vitatu. Ndiyo maana mwishoni mhudumu huweza kukupangia nusu kidonge, au kiasi kidogo zaidi ya hapo.

Chagua pia wakati unaofaa. Wiki ya msiba, ya mitihani au ya mavuno si wakati mzuri wa kuanza. Wakati wa kufunga, kwa Kwaresima au Ramadhani, si lazima dawa iachwe, kwani amitriptilini humezwa usiku. Zungumza na mhudumu kuhusu saa za kumeza.

Dawa zikikaribia kwisha, usingoje kidonge cha mwisho. Nenda kituoni wiki moja kabla. Kama kituo hakina dawa, muulize mhudumu mahali pengine zinapopatikana. Kama hazipatikani popote karibu, mweleze mapema ili akusaidie kupunguza zilizobaki au kubadilisha dawa, badala ya kukatika ghafla.

Maombi na vidonge

Wako waumini wanaoona kwamba kumeza dawa ni kumwonea Mungu mashaka. Maandiko hayatufundishi hivyo. Mfalme Hezekia alipougua hadi kufa, aliomba kwa machozi na Mungu akaahidi kumponya. Bado nabii Isaya aliagiza andazi la tini liletwe na kuwekwa juu ya jipu (2 Wafalme 20). Maombi na dawa vilikwenda pamoja katika ugonjwa mmoja. Eliya alipochoka hata akaomba afe, malaika hakumkemea kwa kukosa imani. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena (1 Wafalme 19).

Tukumbuke pia wale wenye ukoma kumi (Luka 17). Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, kwa sababu katika sheria ya Musa kuhani ndiye aliyekagua ngozi na kuthibitisha kwamba mtu ametakasika. Uponyaji haukuogopa kukaguliwa. Vivyo hivyo leo, mtu akiamini kwamba Mungu amemponya sonona, aende kwa mhudumu wa afya athibitishe na apunguze dawa kwa utaratibu. Uponyaji wa kweli hautaharibika kwa sababu mtu amemaliza wiki chache za kupunguza vidonge.

Kanisa katika eneo letu limewahudumia wagonjwa wa akili kwa zaidi ya miaka mia moja. Lutindi, katika milima ya Usambara nchini Tanzania, ilianza kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Hospitali hiyo iko hadi leo chini ya Kanisa la Kilutheri. Dawa zilipopatikana, hazikuchukua nafasi ya sala wala ya kazi za mikono. Vilifanya kazi pamoja.

Kanisa linaweza kufanya nini?

• Mchungaji atangaze wazi kwamba hakuna anayeambiwa aache dawa kwenye maombi. Wahubiri wageni waelezwe hivyo kabla ya kupanda madhabahuni.
• Anayeshuhudia uponyaji aulizwe kwa upole, faraghani, kama ana dawa anazotumia, na asindikizwe kwa mhudumu.
• Kikundi cha wanawake au jumuiya ndogo kichague mtu mmoja wa kumkumbusha mgonjwa siku ya kliniki na kumsaidia nauli.
• Wazee wenye hekima wafundishwe kusikiliza. Nchini Zimbabwe, mpango wa Benchi la Urafiki ulioanzishwa mwaka 2006 na Daktari Dixon Chibanda umewafundisha mabibi kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza watu wenye sonona na kuwasaidia kutafuta utatuzi wa matatizo yao.
• Siri ya mgonjwa itunzwe. Maombi ya hadharani yasitaje ugonjwa wake bila ruhusa yake.

Tumalizie na mama muuza dagaa. Muuguzi alimpima tena baada ya kupumzika, akamwita tabibu, na dawa ikarudishwa. Dawa ya presha aliyouziwa iliwekwa kando kwanza, akaambiwa aje kupimwa kila wiki. Baada ya wiki mbili shinikizo lilikuwa 128/82 na mapigo 84. Jambo lililokuwa gumu zaidi kwake lilikuwa kumweleza mchungaji kwamba amerudia vidonge. Mchungaji alinyamaza kidogo, kisha akamwambia, "Mama, mimi nameza za kisukari miaka sita sasa." Tangu siku hiyo, kila anapomsalimia baada ya ibada humuuliza dawa zimebaki za siku ngapi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika jamii yetu, watu huacha dawa za muda mrefu kwa sababu zipi? Ni zipi tunazoweza kuziondoa?
2. Mtu akisema moyo wake unakwenda mbio, sisi humuuliza nini kwanza? Tungepaswa kumuuliza nini?
3. Je, kuna mtu katika kikundi anayejua kupima mapigo? Pimaneni ninyi kwa ninyi, mkiandika hesabu.
4. Someni 2 Wafalme 20:1–7. Kwa nini Isaya aliagiza tini wakati Mungu alikuwa tayari ameahidi uponyaji?
5. Kanisa letu linatoaje nafasi kwa anayemeza vidonge kusema hivyo bila aibu?